Ngoma Ikilia Sana Hupasuka

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Hawakuwa na kompyuta wala hawakupata kuisikia habari ya desibeli, lakini walijua kwamba ngozi ina kikomo chake, na kwamba mpigaji asiyekitambua kikomo hicho hurudi nyumbani na mzinga mtupu. Methali hii, ambayo kila mtoto wa mwambao ameisikia, imekuwa neno la watu wa kale katika vile vyumba vidogo vya nyumbani ambamo leo hurekodiwa sehemu kubwa ya muziki wa Afrika ya Mashariki. Magodoro yameegemezwa ukutani, dirisha limezibwa kwa blanketi, kompyuta iko juu ya meza, na amri inayotolewa ni moja: ongeza sauti. Mwimbaji anaitaka, mtangazaji wa redio anaitaka, muuza nyimbo za kwenye kadi za simu anaitaka. Fundi naye, kwa kuogopa kuonekana hajui kazi, hupandisha na kupandisha mpaka wimbo ukaanza kukwaruza. Hapo husema sasa umeiva.

Haujaiva, umeungua.

Hoja inayoshikiliwa katika makala haya ni fupi. Kuulazimisha wimbo uvume kupita kikomo chake ni kosa katika sanaa na ni hasara katika hesabu. Ipo njia halali ya kuifanya rekodi ya nyumbani isikike kwa nguvu bila kuipasua, na njia hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji subira na sikio. Na fundi anayeikwepa kwa uvivu au kwa hofu ya soko anaharibu mali isiyokuwa yake, tena mali asiyoweza kuirudisha.

Mahali pafaapo kuipimia hoja hii ni Haneti, kata iliyo kaskazini ya mji wa Dodoma, katika Wilaya ya Chamwino, juu ya uwanda wa kati wa Tanzania. Msomaji wa visiwani huenda akauliza kwa nini apelekwe mbali kiasi hicho, ilhali taarabu iko mlangoni pake. Sababu ni kwamba Haneti iko katika Ugogo, na muziki wa Ugogo hausamehe. Taarabu ya vinanda vya umeme yaweza kubanwa na ikabaki ikichezeka harusini. Muziki wa Wagogo ukibanwa vile vile hubakia jina tu.

Haneti inajulikana pia kwa jiwe la kijani liitwalo krisopresi, ambalo rangi yake hutokana na nikeli iliyomo ndani yake. Jiwe hilo lina tabia moja ya kuzingatiwa: likipashwa moto mwingi, au likiachwa juani muda mrefu, rangi yake hupauka. Kwa hiyo mchonga vito anayeijua kazi yake hulisugua likiwa majini ili lisipate joto. Anataka ling'ae, na ndiyo maana analichonga. Lakini anafahamu kwamba mng'ao unaopatikana kwa moto huondoka na rangi. Laiti fundi wa sauti angekuwa na nusu ya tahadhari hiyo.

Ni muziki gani basi unaoungua? Ya kwanza ni ilimba, yaani marimba ya mkono, yenye ndimi za chuma zilizopangwa juu ya sanduku la mbao. Katika ilimba kubwa baadhi ya ndimi hazipigwi kabisa; zimewekwa ili zitetemeke zenyewe pale jirani zake wanapoguswa, mfano wa mtu anayeitikia kwa kichwa pasipo kusema neno. Kuna zeze, ambalo sauti yake hutoka katika kibuyu na haifiki mbali. Kuna muheme, ngoma ya wanawake, ambao huishika baina ya mapaja na kuipiga kwa mikono huku wakiimba. Na kuna sauti za watu zinazopishana na kujibizana, kubwa na ndogo, mpaka msikilizaji mgeni akadhani waimbaji ni wengi kuliko wanaoonekana.

Aliyeutangaza muziki huu duniani ni marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma mkoani Dodoma, aliyefariki dunia Desemba 2003. Albamu zake Chibite ya mwaka 1996 na Mkuki wa Rocho ya mwaka 2002 zilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha kwa kampuni hiyo hiyo. Mwenye kumsikiliza Zawose kwa makini hupata somo zima la sauti. Huanzia chini kifuani, kama mngurumo, kisha hupanda hadi sauti nyembamba iliyo juu ya sauti za wanawake, kisha hushuka tena kwenye mnong'ono, na ilimba huko chini haijanyamaza hata mara moja. Safari hiyo ndiyo wimbo. Mwenye kuuleta mnong'ono na mngurumo kwenye kimo kimoja amefuta safari na kuacha kituo.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Mtaalamu wa muziki wa Kiafrika kutoka Austria, Gerhard Kubik, ameeleza kwamba ngazi ya sauti za Wagogo imejengwa juu ya mitetemo ya asili. Ukigusa uzi mmoja uliokazwa, hausikii mtetemo mmoja tu. Ndani yake mna mwingine wa kasi mara mbili, na mara tatu, na mara nne, na kuendelea, kila mmoja ukiwa hafifu na wenye mahali pake. Wagogo wamechagua fungu katika safu hiyo, kuanzia mtetemo wa nne hadi wa tisa, na juu ya fungu hilo wakasimamisha nyimbo zao. Jambo hili likumbukwe, kwani ndilo litakaloonyesha ubaya wa sauti inayopasuka.

Sauti ndani ya kompyuta ni safu ya namba. Katika mpango uliowekewa sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huwekwa kwenye moja kati ya ngazi 65,536. Juu ya ngazi ya mwisho hakuna ngazi. Mafundi wameipa dari hiyo jina la sifuri, na vipimo vyote huhesabiwa kwenda chini yake: desibeli 6 chini ya dari, 12 chini ya dari, 20 chini ya dari. Mpenzi wa mashairi hapaswi kuona ugeni katika mpango huu. Mshororo wa shairi lililozoeleka una mizani 16, nane na nane, na mtunzi mwenye mengi ya kusema hapewi mizani ya 17. Akilazimisha, mshororo huvunjika na kila mwenye sikio hujua. Kwa hiyo mtunzi hupima, huondoa neno lisilo na kazi, hutafuta neno fupi lenye uzito. Hakuna mtunzi aliyewahi kusifiwa kwa kupiga kelele ndani ya mizani.

Wimbi la sauti linapolazimishwa kupita dari hiyo, kompyuta hailipandishi, hulikata kichwa. Kilele kilichokuwa na mviringo kinakuwa bapa kama meza. Na wimbi lililokatwa halibaki lile lile lililopunguzwa kimo. Ndani yake huzaliwa mitetemo mipya ambayo mwimbaji hakuiimba, ya kasi mara tatu, mara tano, mara saba ya ule wa kwanza. Zikikatwa sauti nyingi kwa pamoja, hupatikana mingine tena, jumla na tofauti za zile zilizogongana, isiyomo katika ngazi ya muziki wowote. Hiyo ndiyo sauti ya kukwaruza ambayo sikio huikimbia. Katika muziki mwingine huo ni uchafu juu ya nguo. Katika muziki ambao ngazi yake ni mitetemo ya asili yenyewe, ni kama mtu aliyejipenyeza katika utenzi akapachika vina vyake mwenyewe kila baada ya mshororo, kisha akasema ameutia nguvu.

Wapo wanaojitetea kwa werevu. Husema, mbona ilimba yenyewe hukwaruza? Mbona fundi wa kienyeji hubandika utando wa buibui juu ya tundu la sanduku ili sauti ivume kama nyuki? Kama mzee anapenda mkwaruzo, kijana wa kompyuta ana kosa gani?

Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo linalomhukumu muulizaji. Mtengeneza ilimba amechagua mahali pa kuweka utando, ukubwa wa tundu, na kiasi cha mvumo. Ukigusa ulimi wa chuma taratibu, utando huvuma taratibu, ukigusa kwa nguvu, huvuma kwa nguvu, ukiacha, hunyamaza. Mvumo ule unamtii mpigaji. Mkwaruzo wa kompyuta haumtii yeyote: hutokea kila kinapofika kilele, awe ni mwimbaji, awe ni kofi, awe ni mtu aliyekohoa karibu na kipaza sauti. La ajabu zaidi ni kwamba mkwaruzo huo wa bure ndio unaoumeza mvumo wa utando, kwa sababu utando ni jambo dogo na laini. Kwa hiyo fundi anayejitetea kwa utando wa buibui amekwisha kuufuta utando wenyewe.

Zimebaki nyudhuru tatu, nazo husemwa kila siku.

Udhuru wa kwanza ni kwamba wasikilizaji wanapenda sauti kubwa. Hapa pana ukweli uliotumiwa vibaya. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, midundo ya chini na wembamba wa juu hufifia kuliko sauti za katikati, ikiongezwa, zile za pembeni hujitokeza. Ndiyo sababu ukiwekewa wimbo ule ule mara mbili, mara ya pili ukiwa juu kidogo tu, utasema wa pili ni bora, hata kama hujui kilichobadilishwa. Lakini ubora huo umeletwa na kimo cha sauti, na kimo cha sauti kimo katika kitufe kilicho mkononi mwa msikilizaji. Anayetaka kusikia kwa nguvu ataongeza mwenyewe. Rekodi iliyo safi humruhusu kuongeza mpaka majirani wakalalamika; rekodi iliyopasuka humfanya apunguze baada ya nyimbo tatu, kichwa kikimuuma, asijue sababu.

Udhuru wa pili ni redio na mitandao: kwamba wimbo usiovuma hupotea ukipigwa baada ya wimbo unaovuma. Zamani neno hili lilikuwa na uzito. Tangu miaka ya 1990 kampuni za muziki za Ulaya na Marekani zilishindana kuzibana nyimbo zao, kila mmoja akitaka zake zivume kuliko za mwenzake, mpaka mwaka 2008 kundi la Metallica likatoa albamu ya Death Magnetic iliyobanwa na kukatwa kiasi kwamba maelfu ya mashabiki wake walitia saini ombi la kutaka itengenezwe upya. Walijua wamepunjwa, kwa sababu nyimbo zile zile zilikuwamo katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, nazo humo zilisikika safi zaidi.

Tangu hapo hesabu imegeuka. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilitoa kanuni ya kupima sauti kama sikio linavyoisikia, kwa wastani wake na wala si kwa kilele chake. Kipimo chake huitwa LUFS. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya walikubaliana kuweka vipindi vyao kwenye 23 chini ya dari kwa kipimo hicho. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye karibu 14 chini ya dari, na YouTube nayo hushusha zinazozidi. Maana yake ni hii: fundi wa Haneti akiubana wimbo mpaka ukafika 7 chini ya dari, mtandao utauteremsha mara moja hadi ulipo wimbo wa jirani yake ambaye hakubana. Nguvu aliyoinunua atanyang'anywa, na uharibifu alioulipia atabaki nao. Ama kuhusu redio, vituo vingi vina mitambo yao ya kubana sauti kabla haijaingia kwenye mnara. Wimbo uliofika umebanwa hubanwa mara ya pili. Nguo iliyokwisha kukamuliwa ikikamuliwa tena haitoi maji, huchanika.

Udhuru wa tatu ni simu. Inasemwa kwamba watu husikiliza kwa spika ndogo za simu, barabarani, juu ya bodaboda, kwa hiyo wimbo lazima usukumwe. Ni kweli kwamba spika ya simu ni ndogo, lakini udogo wake unafundisha kinyume. Spika hiyo haiwezi kutoa midundo mizito ya chini. Fundi anayejaza midundo hiyo katika rekodi anaijaza nafasi kwa kitu ambacho simu haitakitoa, na kilichobaki chini ya dari, yaani sauti ya mwimbaji, kinakosa pa kukaa. Dawa ya spika ndogo ni kujua lipi la kuacha. Kusukuma yote kwa pamoja ni kumpakia punda mzigo wa ng'ombe.

Sasa, mkosoaji asiyetoa njia ni sawa na debe tupu, ambalo haliachi kuvuma. Njia ipo, nayo ina mpangilio; anayeanzia mwishoni hufika motoni.

Kazi huanza kabla ya kompyuta. Kipaza sauti kiwekwe pale ala inapozungumza, wala si pale panapofaa waya. Zeze liko peke yake, lisogelewe. Ngoma za muheme zirudishwe nyuma hatua kadhaa. Upepo wa uwanda wa kati ni mshirika asiyealikwa, hivyo kipaza sauti kivishwe sifongo au kitambaa. Kisha kiwango cha kurekodi kiwekwe chini kiasi, vilele vikifika kati ya desibeli 12 na 6 chini ya dari. Waoga hudhani kurekodi chini ni kupoteza. Kinasa sauti cha biti 24 kina nafasi ya kutosha na kusaza. Kilichorekodiwa chini huweza kupandishwa kesho, kilichokatwa wakati wa kurekodi hakuna kesho yake.

Hatua inayofuata ni kusafisha. Kwenye sauti ya mwimbaji kuna mngurumo wa chini usiosikika vyema lakini unaokula nafasi: upepo, hatua za miguu, jenereta ya jirani. Ukiondolewa huo ulio chini ya mitetemo 80 kwa sekunde, mwimbaji hapungukiwi kitu, na dari huwa mbali zaidi. Kwa ngoma kikomo hicho kishushwe mpaka karibu 30 au 40, ili kifua cha ngoma kisiondoke.

Baada ya hapo ni kazi ya mkono, ambayo wengi huiona aibu kwa sababu ni ya polepole. Neno lililozama lipandishwe kidogo. Kofi lililoruka lishushwe kidogo. Mstari kwa mstari, kama mhariri anayepitia muswada. Saa moja ya kazi hii huzaa wimbo unaosikika wote, na mtambo utakaofuata huwa na kazi ndogo.

Ndipo inapokuja kompresa, mtambo unaoshusha sauti inapozidi kiwango kilichowekwa. Iwekwe iwe laini: kinachozidi kwa desibeli mbili kitoke kimezidi kwa moja, na jumla ya kilichoshushwa isizidi desibeli mbili au tatu. Ipewe kuchelewa kidogo kabla ya kuanza kushika, sehemu ya 20 hadi 30 kati ya 1,000 za sekunde, ili pigo la kwanza la mkono juu ya ngozi lipite lilivyo. Kompresa inayoshika mara moja huifanya muheme isikike kama mto uliopigwa kofi.

Mwishoni kabisa ni limita, mlinzi wa dari. Kilele cha pigo la ngoma hudumu muda mfupi mno, ilhali sikio hupima ukubwa wa sauti kwa muda mrefu zaidi, karibu sehemu kadhaa za kumi za sekunde. Kwa hiyo vilele vichache vikishushwa kwa desibeli mbili au tatu, sikio halitambui, na wimbo mzima hupata nafasi ya kupanda kwa kiasi hicho hicho. Hapa ndipo ilipo siri yote ya nguvu isiyopasua. Dari iwekwe desibeli moja chini ya sifuri, kwa sababu faili ikigeuzwa kuwa MP3 vilele vyake huruka kidogo. Limita ikionekana inashusha desibeli sita au nane kila pigo, tatizo limo huko nyuma, na tiba irudi huko nyuma.

Kisha mtihani. Toleo jipya lishushwe mpaka lilingane kwa kimo na lile la awali, ndipo yasikilizwe yote mawili. Likiwa bora katika usawa huo, kazi imefanyika. Likiwa bora pale tu linapokuwa juu, fundi amedanganywa na sikio lake mwenyewe, na Fletcher na Munson walikwisha kumwonya.

Ipo historia inayofaa kuwakumbusha wapenda kelele. Kabla ya mwaka 1925 sahani za santuri zilirekodiwa bila umeme. Mwimbaji alisimama mbele ya tarumbeta kubwa ya bati na kupaza sauti kwa nguvu zake zote, maana ni nguvu ya pumzi yake iliyoisukuma sindano ichore mstari. Asiyeweza kupaza hakurekodiwa. Kisha ikaja mikrofoni ya umeme, na mtu akaweza kuimba kama anavyoimba. Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi kwa HMV, mlango huo ulikuwa umefunguliwa miaka mitatu tu. Sauti ya mwanamke wa Fumba ikabaki duniani pamoja na madaha yake, pumzi zake na vituo vyake. Mikrofoni ilimkomboa mwimbaji na ulazima wa kupiga kelele. Anayeubana wimbo leo mpaka mnong'ono ukawa sawa na ukelele amelirudisha tarumbeta la bati, tena kwa hiari, na kwa mtambo ambao waliomtangulia wangeulilia.

Kinachohatarishwa Ugogo ni kikubwa kuliko ladha. Muziki huo haukuandikwa vitabuni. Umo vidoleni na kooni, na wengi wa wenye vidole hivyo ni wazee. Tamasha la muziki wa Kigogo limekuwa likifanyika Chamwino tangu mwaka 2009, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini baina ya tamasha na tamasha, kinachobakia kijijini ni rekodi iliyofanywa na kijana mmoja, usiku mmoja, kwa kipaza sauti kimoja. Mara nyingi ndiyo rekodi pekee ambayo mzee huyo atakuwa nayo maishani mwake. Mtoto atakayetaka kujifunza ilimba baada ya miaka thelathini atajifunza kutoka humo. Akikuta zile ndimi zisizopigwa, zile zinazoitikia kwa kichwa, zimezama chini ya mkwaruzo, hatajua kwamba ziliwahi kuwako. Atatengeneza ilimba isiyokuwa nazo, na hakuna atakayemwambia amekosea.

Hivyo sharti la chini kabisa, lisilohitaji hata shilingi, ni kwamba kila fundi ahifadhi rekodi ya asili kama ilivyotoka kwenye kipaza sauti, haijabanwa, haijageuzwa MP3, ikiwa na jina la mwimbaji, mahali na tarehe, katika sehemu mbili tofauti. Nakala ya sokoni aifanye ajuavyo. Soko litamhukumu, na mitandao itamteremsha. Lakini nakala ya asili si ya soko. Ni ya mzee aliyeimba na ya mtoto ambaye hajazaliwa, na fundi ni mlinzi wake tu.

Na mwimbaji naye asikae kimya. Akiketi katika chumba chenye magodoro, akasikia wimbo wake unapasuka na fundi anasifu moto wake, aseme: rudisha chini. Ngozi ni yake, ngoma ni yake, na ikipasuka, yeye ndiye atakayerudi nyumbani na mzinga mtupu.